Marumaru Juu ya Simaloi

Mvua ikianza, kaburi la Simaloi ndilo lililokuwa la kwanza kusema. Kabla bati la nyumba halijapata sauti, kabla migomba haijatikisa masikio yake, matone yalitua juu ya marumaru nyeupe na kulia kama vijiko vinavyooshwa kwenye beseni. Ezra, mumewe, aliyekuwa bado analala upande wake wa ukutani kana kwamba upande wa pili una mwenyewe, aliisikiliza sauti hiyo alfajiri na kujisemea moyoni: ameshaamka, anaosha vyombo.

Alikuwa fundi wa marumaru. Mabafu ya Sekei, majiko ya Kimandolu, varanda za wenye magari marefu, alizipitia zote kwa magoti. Alipenda kusema kwamba nusu ya wakubwa wa Arusha yeye ndiye aliyewaandalia mahali pa kusimama uchi, na kwamba wakimpita barabarani bila salamu haoni ubaya, maana aibu ni yao. Watu walicheka. Ezra alikuwa na mzaha wa kila mahali, wa foleni ya hospitali na wa mlango wa kanisa, na mzaha wake haukuwa na mwiba. Ulikuwa kama maziwa, ungempa hata mtoto.

Kwenye kazi lakini hakuwa na mzaha. Kazi ya marumaru, alieleza, si kupendeza. Kupendeza ni kwa ajili ya mwenye nyumba. Kazi yenyewe ni kuyaonyesha maji njia ya kutokea kabla hayajaiuliza. Ukikosea mteremko, maji yatakaa. Yakikaa, yatatafuta ufa. Yakipata ufa, utaitwa tena, na safari hiyo hutapewa chai.

Krismasi ya kwanza baada ya msiba, watu wote walipopanda mlimani kutoka mjini, alimjengea mkewe kaburi kwa mikono yake. Siku hizi huku magharibi ya Meru kaburi la udongo limekuwa kama mtoto aliyeachwa bila shati; majirani hawasemi kitu, ila wanaangalia. Joyce, binti yake wa pekee, mwenye saluni pale Sekei, alichagua marumaru zile nyeupe zenye mishipa ya kijivu. Ezra alimwaga zege pana, akaweka ngazi ya wageni kukalia, na kwa sababu upande wa juu ulikuwa na nyumba, mteremko wote akauelekeza chini, shambani. Alipomaliza alimwaga ndoo ya maji juu yake. Maji yaliteleza yote, hayakubaki hata ya kunywesha nyuki. Mchungaji alisema hajawahi kuona kaburi safi kama lile. Ezra akamjibu kwamba mwenyewe akiwa tayari aseme tu, wataelewana. Watu wakacheka, hata Joyce alicheka na machozi yake.

Shamba la chini lilikuwa la Simaloi. Mumewe aliposhuka mjini asubuhi, yeye alibaki kubishana na ule mteremko. Alikuwa mwanachama wa shamba darasa, kikundi cha kina mama na wazee wachache wanaokutana kila wiki kwenye shamba la mmoja wao kujifunza kilimo ikolojia: kulisha udongo badala ya kuunyonya, kuchanganya mazao, kutengeneza mboji kwa samadi na majani, kuyafanya maji ya mvua yatembee badala ya kukimbia. Alirudi na maneno hayo nyumbani kama mtu aliyebeba moto kwenye kigae, hataki uzimike. Mara nyingi alimwomba mumewe aje walau siku moja. Ezra alijibu kwamba yeye na udongo walishaachana. Udongo ndio unaomharibia grauti, ile saruji laini ya kuzibia maungio. Siku moja Simaloi alimvuta mkono aliguse rundo lake la mboji, aone lilivyo na joto, kama tumbo la ng'ombe. Alikataa. Alikuwa ameshanawa.

Kisha, katika baridi ya Juni, Simaloi aliumwa kifua, na baridi haikuisha naye akawa ameisha.

Baada ya msiba alikuja Nalepo, jirani, mwanamke mwenye ulimi mwepesi na mkono mzito wa kazi. Alimwambia Ezra kwamba nafasi ya Mama Joyce kwenye kikundi haiwezi kukaa wazi kama pengo la jino, na kwamba kama anaogopa kuchafuka wataomba kanisa limnunulie glavu. Ezra alikwenda kwa ajili ya kumfunga mdomo. Akabaki kwa sababu ambazo hakuwahi kuzitamka. Pale watu walilitaja jina la Simaloi bila kushusha sauti. Walisema Simaloi alifanya hivi, Simaloi alikataa vile, kama mtu aliyetoka kidogo kufuata maji.

Mwalimu wao alikuwa msichana wa Kichaga aitwaye Evaresta, mwenye buti za mvua zilizomzidi na subira ya kuku anayeatamia. Alimwamkia kila mzee shikamoo, kisha akamsahihisha bila kumwonea haya. Aliwafundisha kwamba udongo usikae uchi. Ufunikwe na majani makavu, ambayo yeye aliyaita matandazo, au na mmea unaotambaa, ili tone la mvua lipate kitu cha kulipokea kabla halijapiga ngumi. Hapo Ezra alinyanyua mkono na kuuliza kama mwalimu ana habari kwamba kwa Waarusha majani yana kazi nyingine. Mtu akishika majani mabichi mkononi, ameomba amani. Hata ungekuwa na fimbo juu, unaishusha, humpigi wala humpigii kelele. Bibi zetu, alisema, waliokoa migongo yao kwa ukoka. Sasa mwalimu anataka tuyatandaze yote chini, siku ya ugomvi tutashika nini? Darasa zima lilicheka. Evaresta alicheka pia, akasema basi wajue kwamba udongo nao umepigwa sana, na hauna mkono wa kushikia majani, wauwekee wenyewe.

Masika yalipoingia, korongo likaanza kwenye shamba la Simaloi. Kwanza ulikuwa mstari tu, kama mtu aliyeburuta fimbo akipita. Baadaye ungeweza kutia unyayo, baadaye goti. Kila mvua ilichota udongo mweusi, ule alioupika mama wa watu miaka na miaka kwa kikapu cha samadi kichwani, ikaushusha mpaka barabarani, na kutoka barabarani kuelekea mabonde ya Kisongo kwa watu wasiomjua. Ezra alijaza mawe, mawe yakazama. Alijaza magunia ya mchanga, magunia yakapasuka. Alisema korongo hili lina hamu ya kula kuliko shemeji zake, lakini alisema peke yake, na hakucheka.

Zamu ya shamba lake ilipofika, kikundi kilikuja na fremu yao ya herufi A, vijiti vitatu vilivyofungwa na jiwe likining'inia kwa kamba katikati, kifaa cha kutafutia mstari ulio sawa kwenye mteremko ili uchimbe kingamaji, mtaro wa kuyazuia maji yasikimbie. Ezra alitoa pima maji yake ya fundi, akaiweka juu ya kijiti cha katikati, akaitazama kwa jicho moja. Fremu ilikuwa sawa. Alisema ataripoti kwa polisi kwamba jiwe limeiba kazi yake.

Evaresta aliwaonya wasianze kuchimba mahali palipobomoka. Korongo, alisema, haliponi mdomoni. Mlifuate mpaka kichwani, mjiulize: maji haya yalianzia wapi kukimbia?

Wakalifuata, mmoja nyuma ya mwingine. Nalepo alitangulia, akisema bila shaka linaanzia kwenye domo la Baba Joyce, tangu lini likafungwa. Walipanda wakipita mahindi yaliyolala, wakapita mgomba uliobaki na mizizi hewani kama meno, wakainama chini ya waya wa nguo. Hapo Nalepo alisimama ghafla. Waliokuwa nyuma waligongana na mgongo wake, kisha nao wakaona.

Korongo lilianzia chini ya ukingo wa marumaru. Lilikuwa limekatwa hapo kwa usafi, kama mkate, kwa urefu wote ambao fundi aliupa mteremko wake.

Mzee mmoja alivua kofia. Evaresta aliishusha fremu polepole, akailaza kwenye nyasi, kama mtu aliyeingia chumba cha mgonjwa na kelele.

"Karibuni," Ezra alisema. "Mwenyewe yupo. Ngazi ya kukalia ipo."

Hakuna aliyecheka. Ilikuwa mara ya kwanza kwenye maisha yake mzaha wake kuanguka chini na watu kuuacha hapo hapo, wala asiwepo wa kuuokota.

Evaresta alisema kwa sauti ya kawaida sana kwamba leo watapima mstari wa chini, kule karibu na mapapai. Hapa juu paachwe. Ulikuwa wema, na Ezra aliujua kuwa ni wema. Wote walishika majembe wakachimba kingamaji chini, wakijua, kwa sababu ndivyo walivyofundishwa na mwalimu huyo huyo, kwamba maji yakishapata mbio hayasikii tuta.

Walipokuwa wakiondoka alimsindikiza Evaresta mpaka kwenye lango. Akamuuliza ingekuwa yeye, angefanya nini.

"Baba, mimi nafundisha maji," alisema Evaresta. "Pale juu hapana maji peke yake."

"Lakini lingekuwa bafu?"

Msichana alitazama buti zake. "Lingekuwa bafu," alisema, "usingeniuliza."

Mvua iliyofuata ilinyesha mchana. Ezra alitoka akachuchumaa kando ya kaburi, mwavuli begani. Aliona kila kitu kikienda kama alivyokipanga. Matone yaligonga, yakaungana, yakaufuata mteremko kwa utii, yakafika ukingoni na kuruka. Hayakusita popote. Mkono wake ulikuwa mzuri, alikiri; hata leo asingebadilisha kitu. Pale yalipoangukia, udongo ulifumbuka na kwenda, mweusi kama kahawa iliyokorogwa. Alitia mkono ndani ya yale matope. Yalikuwa baridi. Akaukumbuka ule mkono uliomvuta kuelekea kwenye rundo la mboji, na akajua kwamba joto lile hatalijua tena, na kwamba yeye ndiye, kwa ufundi wake wote, anayemwondoa Simaloi mara ya pili.

Joyce alikuja Jumamosi. Kumbukumbu ya mwaka ilikuwa inakaribia, naye alikuwa na mipango: nguzo nne, kipaa cha bati jekundu, na marumaru ziongezwe pembeni ili wageni wasichafue viatu. Ezra alimtembeza shambani kwanza. Alimwonyesha korongo, akamweleza kama alivyoelezwa, kutoka mdomoni mpaka kichwani. Akamwambia kwamba mfereji wa kuyapeleka maji pembeni haufai, pembeni kuna shamba la Nalepo, angekuwa amemhamishia jirani msiba wake. Anataka kuzitoa marumaru. Anataka kumfunika mama yake kwa udongo na majani, na juu apande ngwara, zile kunde zinazotambaa, kwa mbegu ya mama mwenyewe iliyobaki kwenye kibuyu jikoni.

Binti alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa na tabia ya mama yake ya kutokatiza mtu.

"Baba," alisema, akimtaja mama yake kwa Kiarusha, "Yeyo amefagia sakafu ya udongo mpaka mimi namaliza sekondari. Ikaja saruji, akafagia saruji. Wewe ulikuwa mjini unawawekea watu marumaru, unarudi umechoka, unasema kesho. Hizi ndizo za kwanza ulizomwekea."

Ezra alitafuta mahali pote anapoweka mizaha yake, akakuta patupu.

"Za kwanza," Joyce alirudia, taratibu. "Na hizo ndizo unataka kuvunja, ili mahindi yakae."

Alisema pia kwamba marumaru zikitoka, asimtegemee kwenye kumbukumbu. Hakulisema kwa hasira. Alilisema akifunga kilemba chake vizuri, kisha akateremka kufuata bodaboda, na hakunywa chai.

Ezra alikaa na maneno hayo wiki nzima. Hakwenda kazini, hakwenda darasani. Alijaribu kuyageuza yawe ya kuchekesha, ndivyo alivyozoea kuyafanya maneno mazito mpaka yabebeke, lakini haya yalikataa kugeuka. Yalikuwa kweli. Na korongo nalo lilikuwa kweli. Mtu anaweza kuwa na kweli mbili na shamba moja. Halafu ikaja mvua iliyopiga kuanzia alfajiri, vijiko vikalia kwenye beseni asubuhi nzima, na ilipotulia alishuka shambani akakuta korongo limepanua tawi na kulifikia rundo la mboji. Rundo lilikuwa limeondoka. Palibaki duara jeusi chini, kama mahali palipoinjikwa chungu.

Alichukua nyundo na tindo.

Alianza kwenye kona. Alitarajia kuzibandua nzima. Alishafikiri angeziweka jikoni, kwenye kile kisakafu alichokuwa akisimama Simaloi mbele ya mafiga. Lakini marumaru iliyowekwa vibaya ndiyo hubanduka nzima. Iliyowekwa vizuri huvunjika. Kila moja aliyoigusa ilimjibu kwa vipande, moja baada ya nyingine, na kila kipande kilikuja na nyama yake ya saruji, na hapo ndipo alipolia, kwa sauti, akiwa kwenye magoti yake ya kazi, fundi anayesutwa na kazi yake kwa kuwa nzuri. Nalepo alikuja mpaka kwenye ua, akasimama, akarudi kwake. Baadaye alileta uji akauacha juu ya gogo bila neno. Kwa Nalepo, hiyo ilikuwa hotuba.

Moja tu ilitoka nzima, ile ya chini ya msalaba, pale ambapo siku ile mikono ilimtetemeka na saruji haikushika. Aliifuta kwa shati, akaiweka kando.

Zege lilimchukua nguvu zote zilizobaki. Alilivunja, akayabeba mabonge kwa toroli, akayapanga kwenye kichwa cha korongo. Udongo uliofunikwa tangu Krismasi ulikuwa mweupe na mkavu kama majivu, hauna hata mnyoo. Akaupasua kwa jembe, juu juu, akiogopa. Akauchanganya na samadi, akanyunyiza maji. Kisha akaenda kwenye ukingo wa shamba kukata majani ya tembo.

Alikuwa anarudi nayo, mzigo kifuani na mengine yakiwa yamejaa mikono yote miwili, mabichi, yanadondosha maji, alipomwona Joyce amesimama kwenye lango. Mtu alikuwa amempigia simu. Bado alikuwa na aproni ya saluni. Alikuwa amekwishaona: msalaba uliosimama peke yake, vigae kwenye toroli, ardhi iliyo wazi. Alimjia baba yake kwa hatua za mtu aliyeandaa maneno njia nzima kutoka Sekei, na mdomo ulikuwa umekwishafunguka.

Kisha macho yake yakashuka kwenye mikono ya Ezra, na akasimama.

Ng'ombe wa Nalepo alilia mara moja, akanyamaza. Mlima ulikuwa umejifunika mpaka kiunoni. Joyce alikuwa amesuka nywele za mjini na kusoma shule za mjini, lakini alizaliwa hapa, na mtoto wa hapa haambiwi maana ya mzee aliyesimama mbele yake na majani mabichi mikononi.

Alifunga mdomo.

"Unaniomba mimi, Baba," alisema, "au unamwomba yeye?"

Ezra aliitazama mikono yake kama ya mtu mwingine. Maji ya majani yalikuwa yanamchuruzika mpaka kwenye viwiko.

"Nilidhani ni matandazo tu, mama," alisema.

Joyce alisogea. Hakumkumbatia, hawakuwa na mazoea hayo. Alichukua nusu ya majani kutoka kwenye mikono ya baba yake, akageuka, akapiga magoti na aproni yake ile ile, akaanza kuyatandaza kutokea upande wa kichwa, akiyalaza kwa mkono kama anayefunika mtoto aliyepitiwa na usingizi. Ezra alianzia miguuni. Walikutana katikati. Hawakuzungumza habari ya kumbukumbu, nani atakuja wala atakalia nini. Baadaye Joyce aliingia jikoni kutafuta kibuyu cha mbegu, na alipotoka alikuwa ameiona ile marumaru moja nzima. Aliiosha, akaiinamisha ukutani ikauke, hakuuliza ni ya nini.

Ngwara walizipanda kwa vidole, zikapita katikati ya majani.

Joyce alilala hapo. Alfajiri mvua ilikuja, ya mwisho mwisho wa masika, si ya kelele. Ezra alikuwa macho upande wake wa ukutani. Alisikia bati likianza. Alisikia migomba. Akangoja vile vijiko.

Alingoja mpaka akainuka kitandani akafungua dirisha. Mvua ilikuwa inaanguka juu ya Simaloi kama kawaida, anaiona, kwenye yale majani. Lakini haikulia. Ilikuwa inaingia.

Kutoka chumba cha pili sauti ya Joyce, nzito ya usingizi, iliuliza kama inanyesha.

"Inanyesha," alijibu.

"Mbona kimya?"

Ezra alishika kingo za dirisha. Alikuwa na jibu la kuchekesha. Lilikuja lenyewe, la kwanza baada ya siku nyingi. Akaliacha lipite.